Foleni ya Ruiru, lawama za Thika

Wadau, leo tuongelee ruta. Simaanishi kununua mpya. Naongelea ile ile inayokusanya vumbi juu ya kabati la ofisi yenu.

Ofisi yetu kubwa iko Ruiru, tawi liko Thika. Simu zote za wateja hupita kwenye seva moja ya Asterisk hapo Ruiru, kisha hurushwa Thika kwa intaneti. Kwa wiki kadhaa wateja walimwambia dada wa mauzo wa Thika kwamba anaongea kama mtu aliye ndani ya kisima. Wengine walikata simu wakaenda kununua kwingine. Mauzo ya tawi yakashuka, na mdosi akaanza kuuliza kama dada huyo anaijua kazi kweli.

Nikapima laini ya Ruiru. Asubuhi kabla watu hawajaingia, pakiti ilikwenda na kurudi kwa milisekunde 20. Saa nne, seva ikipakia nakala rudufu za mafaili, ilichukua 900! ITU inashauri sauti isichelewe zaidi ya milisekunde 150 kwa upande mmoja. Sasa hapo dada ana kosa gani?

Cha ajabu, simu hula kidogo mno. Kwa kodeki ya G.711 sauti hukatwa vipande 50 kila sekunde, kama kilobiti 80 hivi. Simu ya Thika hutoka Ruiru mara mbili, kwenda kwa mteja na kwenda kwa dada, basi tuseme 160. Tulikuwa na megabiti 2 za kupakia, kwa hiyo nafasi ilikuwapo. Shida ni kwamba faili kubwa hujaza chochote linachopewa, na vipande vya sauti husimama nyuma yake kama ambulensi nyuma ya malori. Mdosi alitaka kulipia kifurushi kikubwa zaidi. Nikamwambia ngoja kwanza, faili litakijaza nacho.

Wengi huweka alama ya kipaumbele kwenye simu (EF, namba 46) wakadhani kazi imeisha. Haijaisha. Foleni yetu ilikuwa ndani ya modemu, na modemu ile haikujali alama ya mtu. Ikabidi niiambie ruta, ambayo inatumia OpenWrt, isitoe zaidi ya megabiti 1.8. Tukapoteza asilimia 10 ya kasi, lakini foleni ikahamia ndani ya ruta, mahali ambapo mimi ndiye askari wa trafiki. Kisha nikawasha CAKE, ambayo husoma zile alama na kuitanguliza sauti.

(Kabla nyaya za SEACOM na TEAMS hazijafika Mombasa mwaka 2009, ofisi nyingi zilitegemea setilaiti zilizo kilomita 36,000 juu. Huko sauti ilimaliza robo sekunde angani kwa kwenda tu. Hakuna ruta ingekusaidia.)

Saa nne ya kesho yake nikapima tena, nakala zikiendelea kupakiwa: milisekunde 35. Nikampelekea mdosi vipimo vyote viwili kwenye karatasi moja. Kifurushi hakikununuliwa. Dada wa Thika yuko kazini bado, na juzi alinipigia kulalamika kwamba siku hizi anasikia hadi redio ya mteja.