Joto la Injini na Ukungu wa Bombo

Umri wangu wa kazi umepita chini ya boneti za malori, na aghalabu ya malori hayo yalikuwa makuukuu yaliyokuja mlimani petu baada ya kuchoka kwingine. Nasema Bombo ya Upare, katika wilaya ya Same, wala si Bombo ya Tanga yenye hospitali mashuhuri. Nalazimika kubainisha hivyo kwa sababu wachuuzi wa spea walio mbali wamekwisha kuipeleka mizigo yangu Tanga, nami nikaifuata huko kwa nauli iliyoizidi thamani ya mizigo yenyewe.

Asiyeijua njia yetu na aifikirie hivi: lori hutoka Same, hupita Kisiwani chini ya ubavu wa milima, upande unaotazamana na mbuga ya Mkomazi, na jua la tambarare huliunguza bati la boneti hata mkono usistahimili kuligusa, likifika Maore huiacha njia iendayo Ndungu na kuanza kupanda kwa gia ya kwanza na ya pili, mzigo u mgongoni, upepo wa mwendo hakuna, feni peke yake ndiyo tegemeo, kisha, baada ya kona nyingi, injini ingali inatokota, dereva hujikuta ameingia katika ukungu wenye baridi, kioo kimefunga mbele yake na genge li ubavuni. Katika safari moja gari lilo hilo hutaka kupozwa na hutaka kutiwa joto. Hayo ndiyo yaliyonifanya nishike rai ambayo mafundi wenzangu wengi waliicheka, ya kwamba rejeta na hita ni chombo kimoja kilichogawanywa mahali pawili, na achaguaye spea za upande mmoja bila ya kuutazama wa pili amechagua nusu.

Ufundi niliupata Moshi, kwa mzee mmoja Singasinga aliyekuwa na karakana yenye mafuta hata juu ya dari. Kwake rejeta haikuhukumiwa kwa macho. Aliiziba midomo, akaitumbukiza katika pipa la maji, akaitia hewa kwa pampu ya baiskeli, na hapo alingoja kwa utulivu mpaka mapovu yamwonyeshe mrija uliotoboka. Kisha aliukwangua mpaka shaba ing'ae, akaupaka tindikali, akaulehemu kwa risasi na bati, akairudisha pipani iseme tena. Kwa miezi mingi sikuruhusiwa kushika patasi wala spana. Kazi yangu ilikuwa kuyatazama mapovu.

Niliporudi Bombo nilirudi na ujuzi huo, nao ukanifaa kuliko nilivyotazamia, maana mwaka 1977 mpaka wa Kenya ulifungwa, na haukufunguliwa hadi 1983. Kabla ya hapo, kifaa kilichokosekana Moshi kilipatikana Mombasa, na kwa njia ya Taveta mtu wa Same hakuwa mbali na bandari ile. Mpaka ulipofungwa, ikaja vita ya Kagera, fedha za kigeni zikaadimika, na mwenye lori aliyetaka pampu ya maji alitembea na vibali mfukoni kama mgonjwa atembeavyo na cheti cha daktari. Siku hizo hatukuchagua; tulikibadili kilichopo kiwe kitakiwacho. Rejeta za matrekta mabovu ya mashamba ya mkonge zilikatwa na kuunganishwa upya, na mipira ya maji ilifungwa kwa ukanda wa tyubu na waya. Mwaka 1984 serikali ilipowaruhusu watu walio na fedha zao nje kuagiza bidhaa, maduka ya Dar es Salaam yakaanza kujaa tena, na huko Kariakoo na Gerezani likazuka tatizo jipya ambalo vijana wangu wa leo hudhani ni la kwao peke yao: wingi. Penye kifaa kimoja mtu hashindwi kuchagua. Penye vitano vya sura moja, vitatu vyao vikiwa vya hila, ndipo akili hutakiwa.

Lori nililolihudumia kuliko yote ni Bedford ya jamii ya J, mali ya mzee mmoja wa hapa ambaye kwa miaka mingi limemshushia mbao, ndizi na tangawizi. Viwanda vya Uingereza vilivyoyaunda malori hayo viliuzwa na General Motors mwaka 1987, na waliovinunua hawakufika mbali, wakafilisika 1992. Kwa hiyo neno “orijino” linaloandikwa juu ya kasha la spea ya Bedford yafaa lisomwe kwa hadhari. Lakini riziki ya gari kuukuu haikatiki upesi. Bedford ziliundwa pia India na Pakistani, na Pakistani zingali zinabeba mizigo, zimerembwa kwa rangi. Basi pampu na gasketi hutoka Karachi, hupita Dubai, na hutufikia Gerezani. Miongoni mwa hizo nimepata zilizo bora kuliko nilizouziwa kwa jina la Uingereza. Pampu ya maji naichagua kwa mkono: naizungusha shafti yake nikisikiliza beringi, naisukuma huku na huku nione kama inacheza, nachungulia pangaboi la ndani kama ni chuma cha kusubu au bati lililokunjwa, na kile kitundu kidogo cha chini, kinachotokwa na machozi sili inapochoka, nahakikisha hakikuzibwa kwa rangi ili kasoro ifichwe.

Kwa habari ya rejeta, nimebishana na wengi. Zimekuja za alumini zenye matangi ya plastiki, nyepesi, na sikatai kwamba hupoza vizuri. Mwenye kuendesha lori lake baina ya Moshi na Dar es Salaam na ainunue. Lakini rejeta ya plastiki ikipasuka Bombo, hakuna makaa wala lehemu iwezayo kuiponya, ambapo ya shaba huponywa jioni hiyo hiyo kwa jiko na risasi. Hiyo ya shaba nayo ina mitihani yake: safu za mirija zihesabiwe, maana mbili hazipandi mlima uliozoewa na safu nne, na mapezi yasiwe yamebanana mno, kwa sababu vumbi la Kisiwani huingia humo na halitoki.

Jambo lililonitesa zaidi ni themostati. Desturi ya barabara zetu ni kuing'oa na kuitupa, kwa dhana ya kwamba nchi ya joto haiihitaji. Mpare hahitaji kufundishwa kazi ya kifaa hicho, kwa sababu babu zake walichimba ndiva, yaani mabwawa ya maji, milimani, wakayakusanya maji ya kijito usiku kucha na kuuziba mlango mpaka yatoshe kufika mashambani. Mtu aliyeung'oa mlango huo asingepata maji mengi zaidi, angepata tope. Themostati huyazuia maji ndani ya injini mpaka yafike joto linalotakiwa, nyuzi 82 kwa nyingi nilizozifunga, ndipo huyafungulia rejeta. Ikiwa haimo, injini hushuka mlima asubuhi ikiwa baridi, hunywa dizeli bure, hulainisha silinda kwa mafuta mazito na kuzila kabla ya wakati wake. Tena zipo injini ambazo themostati yake, inapofunguka, huziba njia ya pembeni inayoyarudisha maji kwenye pampu. Ukiing'oa, njia hiyo hubaki wazi, sehemu ya maji huzunguka ndani kwa ndani bila ya kuiona rejeta, na gari huchemka kwa sababu ya dawa iliyotolewa ili lisichemke. Themostati yoyote, hata iwe na muhuri wa mfalme, naitia katika sufuria ya maji juu ya jiko pamoja na kipimajoto, na isiyofunguka kwa wakati wake hairudi katika boksi.

Kifuniko cha rejeta ni kitu kidogo chenye hesabu kubwa. Maji huchemka mapema kwa takribani nyuzi 1 kila unapopanda mita 300, na kifuniko chenye springi ndicho kinachorudisha kilichopotea: cha ratili 7 kwa inchi ya mraba hukisogeza kiwango cha kuchemka kwa kama nyuzi 11. Lakini muuzaji akikupa cha ratili 15 kwa kuwa hana kingine, rejeta kuukuu haitachemka, itapasuka. Maji yenyewe huyatwaa mlimani, kwa kuwa ya visima vya tambarare yana chumvi na huacha magamba ndani ya mirija. Mipira na mikanda sina la kusema juu yake, ila ibadilishwe kabla ya kuomba.

Sasa niifikie hita. Bedford ile ilikuja kwetu na midomo ya hita imezibwa, na pampu yake ya pili ilipofungwa nilimwambia mwenyewe kwamba huu ndio wakati wa kuirudisha.

“Fundi, mimi si Mzungu,” aliniambia. “Hita ya nini Afrika? Fedha hiyo nikanunulie tairi.”

“Mzee wangu, tairi lina haki yake. Lakini mwezi wa Julai, alfajiri, kijana wako anauonaje mteremko wa Maore?”

“Hutoa kichwa dirishani.”

“Na utingo?”

“Hufuta kioo kwa fulana yake. Zamani tulipaka sabuni.”

Nikamweleza kwamba hita si anasa ya theluji: ni rejeta ndogo iliyowekwa ndani ya kebini, maji moto huiingia kutoka kwenye hedi na kurudi kwenye pampu, na feni yake hulipuliza joto juu ya kioo hata ukungu ukatoweka, na katika kupanda, sindano ya joto inapokaribia hatari, dereva akiifungua yote na kushusha vioo, atatoka jasho, naam, lakini injini itakuwa imepata pa kutulia. Alinyamaza, kisha akasema, “Basi iweke, ila iwe ya bei ya fulana.”

Gerezani nilipewa hita ya lori la Kijapani, nzuri kwa sura, mota yake ya volti 24. Bedford yetu ni ya 12, nayo ingezunguka kwa uvivu usioweza hata kukausha leso. Nikaiacha, nikachukua ya Land Cruiser lililovunjwa, ya volti 12, mirija ya shaba, midomo ya inchi 5/8 inayokubali mipira ya kawaida. Niliipima pipani, ikatoa povu pahala pamoja, nikalehemu. Koki yake ilikuwa ya plastiki na nikaikataa. Nikatafuta ya shaba, iliyonigharimu zaidi ya nilivyomwambia mzee, nikaifunga mahali ambapo dereva huifikia bila ya kuuacha usukani.

Lori hilo lingali linapanda na kushuka. Sehemu ya ujira wangu nililipwa kwa tangawizi, na juu ya sehemu iliyosalia tungali tunajadiliana, kwani mzee anashikilia kwamba hita niliitaka mimi, si yeye, ingawa tangu siku hiyo hasafiri alfajiri ila ameketi upande inakopuliza.