Sauti ya Simu Ndani ya Gari ni Amana



Kwa miaka mingi sasa, kila baada ya miezi miwili au mitatu, sisi na ahali yetu huwa tunatoka Mombasa kwenda Kalamba, katika kaunti ya Makueni, kumzuru mama mkwe wetu. Twapita Mariakani, Voi, Mtito Andei na Makindu hadi Emali, ambapo twaiacha barabara kuu na kuelekea upande wa vilima vya Nzaui. Huko ndiko alikozaliwa ahali yetu, na huko angali anaishi mwaitu wake, kama Wakamba wamwitavyo mama. Wasomaji wengi waijua nchi hiyo kwa maembe yake. Sisi twaijua pia kwa aibu mbili zilizotufika njiani, nazo ndizo tulizokusudia kuzieleza leo, huenda zikamfaa mwenye gari kuukuu kama letu.

Aibu ya kwanza ilitupata tukiwa tumebakisha mwendo mfupi kufika. Simu ililia. Mtu wa kazi yetu simu yake haina saa: huyu auliza eda, yule mirathi, wa tatu mumewe ametamka neno zito usiku na hajui kama bado yuko katika ndoa. Tukaitoa simu mfukoni kwa mkono mmoja, na jicho likashuka kulisoma jina. Lilipoinuka, mbele yetu palikuwa na mtoto wa miaka tisa hivi, akimswaga punda aliyebebeshwa mitungi ya maji. Tukaukata usukani, gari likaingia mtaroni. Mtoto hakuguswa, alhamdulillahi. Lakini punda alishtuka, mzigo ukaanguka, mtungi mmoja ukapasuka, na maji yaliyofuatwa mbali yakanywewa na mchanga. Mtoto hakulia wala hakututukana. Alisimama tu akiyatazama.

Tulimlipa thamani ya mtungi. Ahali yetu akatuuliza neno moja: "Maalim, angekuwa wetu?" Sheria ya Kenya yamtoza faini ya shilingi 2,000 dereva anayetumia simu gari likienda. Swali lile lilikuwa zito kuliko faini yoyote.

Tuliporudi Mombasa tulikwenda kwa fundi wa redio za magari. Gari letu ni la zamani, lilitoka Japani likiwa na redio ya kaseti, na tulitaka simu izungumzwe bila kushikwa. Fundi alitueleza njia tatu, nasi twazinakili kwa manufaa ya wenzetu.

Ya kwanza, na iliyo rahisi zaidi, ni kifaa kidogo kinachochomekwa kwenye tundu la kuwashia sigara. Hicho huipokea sauti ya simu kwa Bluetooth, kisha huirusha kwa mawimbi ya FM ili redio iinase. Dosari yake hapa kwetu ni kwamba redio za zamani za Kijapani hupokea kuanzia 76 hadi 90 tu, ilhali vituo vyetu huenda hadi 108. Basi nafasi inayobaki ni ile nyembamba ya karibu na 88 hadi 90, nayo mjini mara nyingi huingiliwa na vituo. Tulikijaribu: Mombasa kilikoroma, na kila tulipotoka mji mmoja kuingia mwingine ilitubidi kutafuta nafasi nyingine, mkono ukarudi kule kule tulikoukimbiza.

Ya pili ni kaseti ya bandia yenye Bluetooth, itiwayo mahali pa kaseti. Kwa kusikiliza Qur'ani au mawaidha yatosha, lakini kwa mazungumzo yategemea ubora wa kinasa sauti chake.

Ya tatu, tuliyoichagua mwishoni, ni kuitoa redio ya zamani na kutia mpya yenye Bluetooth na kinasa sauti cha waya. Fundi alikibandika kinasa sauti karibu na kizuizi cha jua, mbali na dirisha na tundu la kipupwe, kwa kuwa upepo huimeza sauti. Akatuonyesha pia kwamba katika redio nyingi za namna hiyo waya wa manjano huleta umeme wakati wote ili redio isisahau, na mwekundu huleta umeme ufunguo unapozungushwa. Ukiuunga mwekundu mahali pasipozimika, redio huweza kubaki macho usiku kucha, na asubuhi ukaikuta betri imekufa. Simu na redio zikaunganishwa gari likiwa limesimama, nasi tukarudi nyumbani tukijiona tumetubia kosa letu.

Ndipo ikaja aibu ya pili, kubwa kuliko ya kwanza.

Tulikuwa Kalamba tena, tukimpeleka mama mkwe wetu hospitali ya Wote. Garini alikuwemo ahali yetu na binti yetu wa pili. Simu ikaita, na redio, ambayo ilikuwa imewekwa ipokee yenyewe, ikapokea. Kabla hatujaleta salamu, sauti ya mwanamke ilijaa gari zima kwa spika zote nne. Alikuwa analia. Alilitaja jina la mumewe, akataja aliyotendewa jana usiku. Vidole vyetu vilikitafuta kitufe cha kukata na visikione. Tulipokiona, yalikwisha kusemwa. Mama mkwe wetu alituuliza kwa Kikamba ni nani huyo anayelia. Binti yetu hakuuliza. Aliitambua sauti: ni mama wa shoga yake wa chuoni.

Tulisimamisha gari, tukateremka na kumpigia. Tulimwambia kweli, kwamba watu watatu wamemsikia bila idhini yake, tukamwomba radhi. Alinyamaza kitambo, akasema, "Haidhuru, Maalim." Kisha akaikata simu.

Enyi wazazi na ndugu zetu, chombo hiki huiweka huru mikono, lakini siri ya mtu hakiihifadhi. Sasa tumeiondoa hali ya kupokea yenyewe. Tukipokea, neno la kwanza ni, "Niko garini na watu." Jambo zito hulisubirisha hadi tusimame, kwani watafiti wa usalama barabarani wamekwisha kubainisha kwamba mazungumzo huushughulisha moyo wa dereva hata mikono ikiwa mitupu. Na kwa kuwa redio nyingi hunakili orodha ya majina kutoka kwenye simu, tunaifuta kabla ya kuliazima gari au kulipeleka kwa fundi. Nanyi akina mama mnaopiga, ulizeni kwanza: "Uko peke yako?" Si utovu wa adabu.

Binti yetu ameihifadhi siri ile, nasi twamshukuru Mungu kwa hilo, ingawa twamwona akiinamisha macho kila shoga yake ajapo nyumbani. Mama yule hajatupigia tena. Hatujui ni nani anayemsikiliza sasa. Twamwomba Allah amfungulie mlango mwingine ulio na stara kuliko wetu.

Wabillahi tawfiq.