Mnaomcheka mtoto wa staa kwa meno meusi, njooni hapa kidogo

Wadau, wiki iliyopita staa mmoja wa hapa mjini (jina nalihifadhi, mnamjua) alipost picha ya besdei ya mwanae anayetimiza miaka mitatu. Keki ya maana, gauni la maana. Watu hawakuona keki. Waliona meno manne ya mbele ya juu, meusi, yameliwa. Komenti zikamiminika: "Pesa yote hiyo mswaki umekushinda?" Jioni picha ikafutwa.

Sikucheka, maana mtoto wa dada yangu ana meno hayo hayo. Dada alisoma zile komenti zote kimya, halafu akaniuliza, "Wangu wangemwitaje?" Tangu mwaka jana hajampiga picha mwanae akiwa anacheka.

Na si mvivu. Mswaki anampiga kila asubuhi. Tulipoenda kwa daktari wa meno, wa kwanza alitufokea tu. Wa pili, dada mmoja mpole, akamlaza mtoto mapajani, akafunua mdomo, akauliza kitu kimoja: "Analala na chupa?"

Analala nayo. Tena yenye chai ya maziwa na sukari, maana bila hiyo nyumba nzima hailali.

Sasa mwangalie mtoto yeyote mwenye tatizo hili. Mbele juu yameisha, mbele chini meupe pee. Mtoto akinyonya chupa, ulimi unayafunika meno ya chini, na mate yanayotoka chini ya ulimi yanayaosha. Ya juu hayana mlinzi. Akisinzia, mate yanapungua, sukari inakaa hapo hadi asubuhi, bakteria wanaila na kutoa tindikali, na tindikali inalimumunya jino. Gamba la nje la jino la utotoni ni jembamba kuliko letu, kwa hiyo kazi inaenda haraka. Yakishaguswa ya mbele, yanafuata magego. Dalili ya kwanza wala si nyeusi, ni mistari myeupe kama chaki karibu na fizi. Nani anaangalia hapo? Inabidi uinue mdomo wa juu.

Halafu kuna ule wimbo wetu wa "si yatang'oka tu". Magego ya utotoni yanakaa mpaka miaka 10 hadi 12! Mpwa wangu ana mitatu na nusu, na alikuwa anatafuna upande mmoja, anaamka usiku analia ameshika shavu. Jirani akaanza habari za meno ya plastiki. Wapendwa, hayo hayapo. Kinachong'olewa kule kwa mafundi ni vichipukizi vya meno halisi ya mtoto.

Gego moja lilikuwa limeoza hadi kwenye neva, likang'olewa. Mengine yakapakwa dawa ya maji yenye madini ya fedha na floraidi. Hakuna sindano, hakuna mashine ya kutoboa. Inasimamisha kuoza, ila pale palipooza panageuka peusi tii. Shirika la Afya Duniani liliiweka kwenye orodha yake ya dawa muhimu mwaka 2021. Yaani meno ya mpwa wangu yanayotisha zaidi kwenye picha ndiyo yaliyotibiwa. Ya mtoto wa staa sijui, lakini na nyie mliokomenti hamjui.

Nyumbani chupa ya usiku sasa ni maji tu. Siku tatu za kwanza zilikuwa vita, siku ya nne akalala mwenyewe. Dawa ya meno ni ya floraidi: chini ya miaka mitatu kiasi cha punje ya mchele, akishavuka hapo kiasi cha njegere. Mara mbili kwa siku, na ya usiku ndiyo usiiache, ukishapiga hakuna tena cha kula. Na anayepiga mswaki ni mtu mzima mpaka mtoto afike miaka saba hivi, maana ukimwachia mwenyewe anakula dawa na kuchezea maji.

Tatizo lililobaki ni kwamba mtoto akiuona mswaki anajificha chini ya kitanda, na baba yake ameshaimba nyimbo zote anazozijua. Mwenye mbinu iliyomsaidia kwake aiandike hapo chini, dada anasoma.