Rhodes: Kisiwa cha Ngome na Wakfu

Wengi wanaozuru kisiwa cha Rhodes, nchini Ugiriki, hufuata bahari na jua. Sisi na wanetu tulivutwa na mji wake mkongwe, uliozungukwa na kuta nene za mawe na kutambuliwa kuwa urithi wa dunia tangu mwaka 1988. Njia zake ni za kokoto, hivyo kina mama na wavae viatu vya chini.

Njia moja hupanda hadi kwenye kasri la mashujaa wa Kikristo waliotawala kisiwa kwa zaidi ya miaka 200, mpaka Sultani Suleiman alipokitwaa mwaka 1522. Waturuki nao wakatawala hadi mwaka 1912.

Msikiti wenye jina la Sultani huyo, wa rangi ya waridi, waonekana juu ya maduka. Mkabala nao ipo maktaba aliyoiweka wakfu Hafiz Ahmed Agha mwaka 1793, yenye Misahafu iliyoandikwa kwa mkono na vitabu vya Kiarabu, Kifarsi na Kituruki. Kwa swala, upo Msikiti wa Ibrahim Pasha, uliojengwa mwaka 1531.

Mwenye siku ya ziada na aende Lindos, kama kilomita 50 kusini, akaone hekalu la kale juu ya jabali.

Hata hivyo, tungekuwa na saa moja tu, tungeipeleka maktabani. Wenye ngome walikwisha ondoka. Sadaka ya mpenda elimu ingali pale, na watoto wetu wameiona.