Sufi ya Unguja, Baridi ya Ngorongoro

Ufundi wa nyumba za pwani ni ufundi wa kulifukuza joto. Dari huinuliwa, madirisha huelekezwa kwenye upepo, paa la makuti huachwa lipumue, na baraza hujengwa ili watu wapate pa kukaa jua likishapungua ukali. Mtoto wa Unguja hukua akijua namna kumi za kutafuta ubaridi, wala hafundishwi hata moja ya kuhifadhi joto. Kipupwe kwake ni shuka moja zaidi, nayo aghalabu huishia miguuni kabla ya alfajiri.

Mtu wa malezi hayo ndiye aliyekuwa dereva wa Hiace iliyopandisha vyakula vya watalii wa mahema kutoka Karatu hadi kambi ya Simba, ukingoni mwa kreta ya Ngorongoro. Mkewe, Mwiraqw wa Karatu, alikuwa mpishi wa safari hizo. Waliondoa viti vya nyuma, wakatandika mbao na godoro, wakaifanya gari nyumba yao ya usiku. Karatu iko takriban mita 1,500 juu ya usawa wa bahari. Ukingo wa kreta unapita mita 2,200. Kila mita 1,000 za kupanda hewa hupungua joto kwa nyuzi sita hivi, na kati ya Juni na Agosti usiku wa ukingoni hushuka chini ya nyuzi 10, ukungu ukaufunika msitu hata asubuhi ikachelewa. Watalii huja na mifuko ya kulalia iliyoshonwa kwa ajili ya nchi za theluji. Dereva alikuwa na mablanketi mawili ya mnadani.

Bati la gari halina huruma: joto likiligusa tu, limeshatoka nje. Basi usiku mmoja aliingiza jiko la mkaa, akafunga vioo. Mkaa ulikuwa umeshika vyema, mwekundu, hauna moshi hata chembe, na hapo ndipo penye hadaa. Wahenga walisema penye moshi pana moto. Hawakusema kwamba katika chumba kilichofungwa, moto usio na moshi ndio wa kuogopwa zaidi. Mkaa unaoungua kwa hewa haba hutoa kaboni monoksaidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, ambayo huishika damu kwa nguvu zinazozidi za oksijeni mara 200 na zaidi. Anayeivuta hahisi kuwa anakosa pumzi. Huumwa kichwa, hutapika, hulegea, na aliyekwisha kulala huenda asiamke kabisa. Mke aliamka kwa kichefuchefu. Alipapasa mlango, akausukuma, akaangukia kwenye umande, kisha akarudi kumvuta mumewe kwa miguu. Baridi waliyokuwa wakiikimbia ndiyo iliyowarudishia roho.

Jiko halikuingia tena. Hita ya gari nayo haikuwa jawabu, kwani huazima joto la injini, na injini haiachwi ikinguruma usiku kucha pasi na kumaliza mafuta na kuleta sumu ile ile kwa mlango mwingine. Ikabaki kulitunza joto walilokuja nalo wenyewe. Mtu aliyelala hutoa joto la kiasi cha balbu ya zamani ya wati 75. Wawili ni balbu mbili, na gari ni chumba kidogo.

Watu wa nyanda zile wanaujua ufundi huo tangu kale. Wairaqw walichimba nyumba zao ubavuni mwa vilima, paa la udongo likawa sawa na ardhi, na ng'ombe wakalala ndani pamoja na watu. Nyumba ya Kimaasai, ambayo wajenzi wake ni wanawake, ni fupi, imekandikwa udongo na samadi, na njia yake ya kuingilia hupinda ili upepo upotee kabla haujafika kitandani. (Moto huwaka humo humo, na macho na vifua vya kinamama ndivyo vinavyolipa. Haifai kuipamba hali hiyo.) Tangu 2022 familia nyingi za Ngorongoro zimehamia Msomera, wilayani Handeni, katika nyumba za matofali na bati, nchi ya joto ambako hekima ile haina kazi.

Mama mkwe alikuja kuitazama gari. Aliizunguka, akaligonga bati kwa kidole.

"Baba, hili ni sufuria. Umelivika nini?"

"Bado, mama."

"Livike, basi."

Alilivika sufi, magunia mawili yaliyotoka shamba kwao Unguja. Uzi wa sufi ni mrija mtupu uliojaa hewa, nao una nta, haunywi maji. Ndiyo maana zamani ulijazwa katika maboya ya kujiokolea baharini. Hewa iliyotulia ndiyo blanketi lenyewe. Mke alishona vifuko vya marekani, akavipiga mistari ili sufi isiporomoke, wakavibana baina ya bati na plaiwudi. Chini ya godoro sufi haikufaa, kwa kuwa uzito huikandamiza. Huko yaliwekwa majamvi mawili na sponji ngumu. Vioo vilizibwa kwa sponji iliyokatwa kwa kipimo. Na kwa vile sufi hushika moto upesi mno, hata mshumaa ulikatazwa humo.

Hawakuziba kila kitu. Pumzi na jasho la watu wawili hutoa karibu nusu lita ya maji kwa usiku, na maji hayo yakikutana na chuma baridi hudondoka, yakaleta kutu na uvundo. Juu ya hilo palikuwa na ule usiku wa jiko. Mume alitaka kufunga pande zote. Mke aliacha dirisha la upande wake wazi kiasi cha vidole viwili, na hakuna aliyelijadili tena.

Juu ya mlango wa nyuma palibaki ubavu mmoja wa chuma ambao sufi haikuufikia. Alfajiri matone hujipanga hapo kama tasbihi. Dereva huyafuta kwa khanga kuukuu, akashuka, akaenda kuwasha jiko la chai ya watalii hatua kumi kutoka garini.