Kabla ya kuuliza nani anaimba, uliza maji yako wapi

Mwishoni mwa Juni, barabara nyembamba zinazoingia kijiji cha Pilton, kusini magharibi mwa Uingereza, hujaa magari yaliyosheheni mahema. Baba anavuta toroli lenye magodoro, na watoto wawili wameketi juu yake. Mama amebeba magambuti ya familia nzima ingawa jua linawaka, kwa sababu Waingereza wanajua mvua ya Glastonbury haipigi hodi.

Miezi miwili kabla ya hapo, upande mwingine wa dunia, familia nyingine imeegesha gari kwenye nyasi karibu na viwanja vya mchezo wa polo mjini Indio, jimbo la California nchini Marekani. Hapa hakuna anayezungumzia gambuti. Ni jangwa. Ingawa ni Aprili tu, joto la mchana linaweza kufika nyuzi 38, na upepo ukivuma watu hufunga vitambaa puani na mdomoni kuzuia vumbi. Hili ni tamasha la Coachella.

Yote mawili ni matamasha ya muziki yanayofanyika nje, na yote mawili ni makubwa kama mji. Glastonbury hukusanya zaidi ya watu 200,000 kwa siku tano. Coachella hupokea takriban watu 125,000 kwa siku, na tangu mwaka 2012 hufanyika wikiendi mbili mfululizo.

Kwa mzazi wa Dar es Salaam au Mombasa mwenye kijana anayesoma Leicester au Minnesota, majina haya huingia nyumbani kupitia simu. Siku moja kijana anaomba ruhusa na nauli. Siku nyingine hakuna ombi, kunakuja picha tu akiwa ameshafika. Swali la kwanza la wazazi wengi huwa ni nani anaimba huko, na la pili ni shilingi ngapi. Historia ya matamasha haya inaonyesha kwamba swali la kutangulia lingekuwa jingine: maji yako wapi, na yanatolewa bure au yanauzwa?

Wafugaji wawili wa ng'ombe

Simulizi maarufu zaidi ya kila nchi inaanzia mahali pamoja, yaani shamba la ng'ombe wa maziwa.

Agosti 1969, zaidi ya vijana 400,000 walifurika katika shamba la Max Yasgur huko Bethel, jimbo la New York, kwa ajili ya tamasha la Woodstock. Waandaaji hawakutegemea umati wa kiasi hicho. Uzio haukukamilika, chakula kilipungua, mvua ikanyesha. Simulizi za wakati huo zinaeleza kuwa Yasgur alikasirika aliposikia baadhi ya watu wa eneo hilo wanawauzia vijana maji, akaagiza maji yatolewe bure shambani kwake. Maziwa pia yaligawiwa.

Mwaka uliofuata, Septemba 1970, mfugaji mwingine aitwaye Michael Eavis alifungua shamba lake la Worthy Farm huko Pilton. Walikuja watu wapatao 1,500. Kiingilio kilikuwa pauni moja, na ndani yake kila mtu alipata maziwa ya bure ya shambani. Hiyo ndiyo iliyokuja kuwa Glastonbury.

Eneo hilo lina historia na Afrika Mashariki pia. Mwaka 1982, katika mji wa jirani wa Shepton Mallet, tamasha la kwanza la WOMAD liliwapandisha jukwaani wapiga ngoma wa Burundi, na Waingereza wengi walizisikia ngoma zile kwa mara ya kwanza ana kwa ana.

Chupa ya dola nne

Miaka 30 baada ya Yasgur kuagiza maji yatolewe bure, jina la Woodstock lilirudishwa. Julai 1999, tamasha lilipelekwa katika kituo cha zamani cha jeshi la anga mjini Rome, jimbo la New York. Ardhi ilikuwa lami na zege, vivuli vilikuwa vichache, na joto lilifika karibu nyuzi 38. Walinzi mlangoni waliwanyang'anya watu maji waliyokuja nayo. Ndani, chupa moja iliuzwa dola 4, bei iliyokuwa kubwa mno kwa wakati huo. Kwenye mabomba ya bure foleni zilikuwa ndefu, na baadhi ya mabomba yalivunjwa. Vyoo vilifurika.

Mamia ya watu walihitaji matibabu kwa sababu ya joto na kuishiwa maji mwilini. Kijana mmoja wa miaka 24 alifariki dunia baada ya joto la mwili wake kupanda kupita kiasi. Usiku wa mwisho mioto iliwashwa, vibanda vya biashara vikaporwa. Wengi waliulaumu muziki wenye hasira. Lakini mzazi yeyote aliyewahi kukaa na mtoto mwenye kiu juani siku nzima anaweza kuona kilichotangulia.

Tangu hapo mambo yamebadilika. Coachella leo inaruhusu mtu kuingia na chupa tupu na kuijaza ndani bila malipo. Glastonbury iliacha kuuza maji ya chupa za plastiki mwaka 2019, na kila mtu anatarajiwa kuja na chupa yake na kuijaza kwenye mabomba yaliyosambazwa shamba zima.

Tofauti iliyobaki ni ya mlangoni. Glastonbury, mahali pa kupiga hema pamo ndani ya bei ya tiketi, ambayo mwaka 2025 ilikuwa pauni 373.50, na familia inaweza kuingia na chakula chake. Hata pombe huruhusiwa, mradi haimo kwenye chupa za kioo. Coachella, tiketi ni zaidi ya dola 500, kambi inalipiwa peke yake, na chakula na vinywaji vya nje haviruhusiwi kuvuka lango la uwanja wa muziki. Pombe hunywewa na mtu aliyefikisha miaka 21 na kuvishwa bangili ya kuthibitisha umri. Uingereza umri wa kuuziwa pombe ni miaka 18, maana yake mwanafunzi wa mwaka wa kwanza chuoni tayari anaruhusiwa. Mzazi anayedhani sheria ni moja kote huko anakosea kwa miaka mitatu.

Matope si mchezo tu

Picha za watoto wa Kiingereza wakiteleza kwenye matope huchekesha. Glastonbury, watoto wa miaka 12 kushuka chini huingia bure wakiwa na mtu mzima mwenye tiketi, na kuna uwanja wao wenye michezo na sarakasi. Ni kweli wanafurahi.

Lakini pale ni malisho ya ng'ombe. Mwaka 1997, mwaka uliokumbukwa kwa mvua, watu kadhaa waliotoka Glastonbury waliugua kutokana na bakteria aina ya E. coli O157. Wataalamu waliofuatilia walihitimisha kwamba chanzo kilichoelekea zaidi ni matope yaliyochafuliwa na kinyesi cha ng'ombe. Bakteria huyo huleta kuhara damu, na kwa watoto wadogo anaweza kuharibu figo. Kinga yake haina gharama kubwa: mikono kuoshwa kwa sabuni na maji kabla ya kula, si kupakwa dawa ya mkononi tu, kwa sababu dawa hiyo haifanyi kazi vizuri kwenye mkono wenye tope.

Mvua huwagawa watu wa nchi hizi mbili kwa namna nyingine. Mwingereza huvaa gambuti na kuendelea. Mmarekani, ambaye majira yake ya joto huja na radi kali, hufunga. Agosti 2012, tamasha la Lollapalooza katikati ya jiji la Chicago lilisimamishwa kwa saa kadhaa, watu wakatolewa nje ya bustani kabla dhoruba haijafika. Juni 2025, Bonnaroo, linalofanyika kwenye shamba huko Tennessee, lilifutwa likiwa limeanza tu, kwa sababu mvua ilikuwa imeharibu uwanja na kambi. Wengi walinung'unika. Kwa mwenye mtoto, tamasha linalojua kusimama ni la kuheshimiwa.

Masikio na umati

Kelele haina nchi. Shirika la Afya Duniani (WHO) lilipendekeza mwaka 2022 kwamba sauti katika kumbi na matamasha isizidi wastani wa desibeli 100 kwa dakika 15. Huo ni ukomo, na mtoto mdogo hafai kuufikia. Kwenye matamasha ya familia ya Uingereza, kama Camp Bestival na Latitude, ni kawaida kuona watoto wamevaa vikinga masikio vikubwa vya rangi, hata wakiwa wamelala kwenye toroli. Vidude laini vya kuziba sikio ni vya wakubwa. Kwa mtoto mchanga kikinga cha kufunika sikio lote ndicho salama, na kukaa mbali na spika ni bora zaidi.

Umati ndio unaoua kwa kasi. Novemba 5, 2021, kwenye tamasha la Astroworld mjini Houston, watu 10 walifariki dunia kwa kubanwa mbele ya jukwaa. Mdogo kuliko wote alikuwa na miaka 9, na alikuwa amekuja na baba yake. Uingereza nayo ilipata msiba wake huko Donington mwaka 1988, mashabiki wawili walipofia kwenye msongamano. Baada ya hapo Waingereza waliandika mwongozo wa usalama wa matamasha, unaogusa njia za kutokea, idadi ya vyoo na mabomba ya maji. Wamarekani waliandaa mwongozo wao kwa kuutazama huo, baada ya jukwaa kuanguka kwenye maonyesho ya jimbo la Indiana mwaka 2011 na kuua watu saba.

Funzo kwa familia ni fupi. Watoto hawakai katikati mbele ya jukwaa, hata begani kwa baba. Pembeni na nyuma huonekana vizuri, na njia ya kutoka iko wazi.

Hema la kwanza bila mzazi

Uingereza ina desturi moja ambayo wazazi wageni huishtukia wakiwa wamechelewa. Matokeo ya mtihani wa GCSE, unaofanana na wa kidato cha nne, hutoka Alhamisi mwishoni mwa Agosti. Mara nyingi wikiendi hiyo hiyo hufanyika matamasha ya Reading na Leeds, na kijana wa miaka 16 anaruhusiwa kuingia bila mtu mzima. Kwa maelfu ya vijana, hilo ndilo hema la kwanza bila baba wala mama.

Kumkatalia kabisa mara nyingi huzaa uongo. Kinachosaidia ni mazungumzo kabla ya safari, na liwepo neno moja lisilo na adhabu: akinywa kitu, akimeza kidonge, au rafiki akizimia, aende kwenye hema la huduma ya kwanza na aseme ukweli wote. Wahudumu wapo kutibu, hawakuja kukamata. Anayeficha alichomeza humchelewesha daktari.

Suala la malipo nalo linatofautisha nchi hizi. Uingereza gari la wagonjwa halitozwi, na mwanafunzi wa kigeni aliyelipia ada ya afya wakati wa kuomba viza anatibiwa na Huduma ya Afya ya Taifa (NHS). Marekani, hema la huduma ya kwanza uwanjani kwa kawaida ni bure, lakini gari likishawasha king'ora kuelekea hospitali, bili inaweza kufika nyumbani ikiwa na tarakimu nyingi. Wapo vijana wanaokataa gari la wagonjwa kwa kuogopa bili hiyo. Mzazi amwambie mwanawe mapema, kwa maneno ya wazi, kwamba deni la hospitali litatafutiwa njia, na uhai hautafutiwi njia. Picha ya kadi ya bima iwe kwenye simu yake na kwenye simu ya rafiki yake.

Kinachobaki

Asubuhi ya Jumatatu, Pilton huanza kuwa shamba tena. Kila baada ya miaka michache tamasha huachwa kabisa, kama ilivyokuwa 2018 na kama ilivyopangwa kwa 2026, ili ardhi na ng'ombe wapumzike. Huko Indio nyasi humwagiliwa maji, tayari kwa wachezaji wa polo.

Na simu ya mzazi italia tena, safari hii labda si kutoka ng'ambo. Februari, Zanzibar, wakati wa Sauti za Busara ndani ya Ngome Kongwe, joto nalo huwa halina mzaha. Kabla ya kusema ndiyo au hapana, mzazi aulize mambo matatu: bomba la maji liko wapi, njia ya kutokea iko wapi, na mtakutana wapi simu ikizimika. Kijana anayeweza kujibu yote matatu amejiandaa. Asiyeweza, akatafute majibu kwanza, ndipo mzungumzie nauli.