Matondoni: Mbao, Misumari na Maji ya Chumvi

Kutoka mji wa Lamu hadi Matondoni njia ni mbili: ya mguu, yenye mchanga mzito na minazi, na ya maji, iambaayo mikoko. Tulikwenda kwa maji pamoja na watoto, na kabla hatujashuka tulilakiwa na harufu ya sifa, yale mafuta ya papa yapakwayo vyombo. Watoto wakaziba pua. Bibi yao akawakemea: harufu hiyo, alisema, ndiyo iliyomlea baba yao.

Matondoni ni kijiji cha mafundi wa majahazi na mashua, na cha wanawake hodari wa kusuka mikeka. Lakini hatukwenda kutembea tu. Mwaka uliopita, tukirejea Faza kutoka Maulidi ya Lamu, mashua tuliyoipanda ilianza kuingiza maji mara tulipotoka Mkanda. Tuliyakumba kwa sufuria na kata, wengine wakisoma dua, hadi Mola akatufikisha. Na mashua ile ilikuwa imetiwa rangi mpya, inang'aa kama bibi harusi. Tukataka kujua maji yalipita wapi.

Fundi tuliyemkuta alikuwa akishughulikia chombo cha zamani kilichopandishwa pwani kwa maji ya bamvua. Hakutueleza mengi. Alikwangua rangi palipokuwa na alama ndogo nyekundu, kama chozi lililokauka, kisha akauchomoa msumari kwa vidole. Kichwa kilikuwa kizima. Mwili wake umeliwa ukawa mwembamba kama utambi. Kutu, akasema, huvimba kuliko chuma chenyewe, ikaupasua ubao na kuilegeza kalafati.

Kwa hiyo kazi huanza kwa kukwangua na kusugua hadi chuma kionekane. Kisha chombo huoshwa kwa maji baridi, kwani chumvi iliyobaki huendelea kula chini ya rangi, na huachwa kikauke barabara. Msumari mbovu hung'olewa. Mpya, uliopakwa zinki, huzungushiwa pamba iliyochovywa mafuta chini ya kichwa kabla ya kupigwa, ili maji yasipate njia. Juu hupakwa sifa. Chini, palipo majini, deheni ya chokaa na shahamu.

Mmoja wetu akauliza kama ndimu na majivu, tunavyosugulia sinia za shaba nyumbani, vingefaa. Fundi akacheka. Kwa shaba, ndiyo, mradi isuuzwe mara moja. Lakini ndimu juu ya zinki huimaliza zinki yenyewe. Akatuonya pia kwamba msumari wa shaba usipigwe kando ya chuma, maana vikikutana katika maji ya chumvi, chuma ndicho kiliwacho upesi. Na kile kipande cha zinki kilichofungwa kwenye mashine kisipakwe rangi kamwe: kimewekwa pale kiliwe badala ya mashine.

Njiani tulikumbushana kwamba safina ya Nabii Nuhu, katika Suratul Qamar, imetajwa kwa mbao zake na misumari yake. Tulipofika gatini Lamu kupanda chombo cha kurudi Faza, bibi hakuingia. Alipita ubavuni taratibu, akipapasa vichwa vya misumari kwa kidole gumba, huku abiria wakinung'unika. Karibu na usukani akasimama.

"Mwanangu," akamwita nahodha, "hapa panalia."

Nahodha akainama kutazama.